Mashine Inayoiga Mashine: Jinsi Makosa Yanavyotafutwa na Kusahihishwa

Ninyi mnaosikiliza pamoja darasani, kaeni mahali mnapoweza kuuona ubao vizuri. Wewe unayesikiliza peke yako nyumbani, chukua karatasi na kalamu. Na wewe ambaye somo lilikupita, ukaja kulisoma katika kurasa hizi, usiwe na haraka. Soma polepole, na mahali penye namba, weka kidole chako juu ya namba.

Msimamizi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: kompyuta, programu, prosesa, kuiga, kosa.

Kompyuta mnaijua. Programu ni maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate, moja baada ya jingine. Prosesa ni kile kipande kidogo ndani ya kompyuta kinachosoma maagizo hayo na kuyatenda. Agizo moja moja tutaliita amri. Amri ni kitu kidogo sana: chukua namba hii, ijumlishe na ile, iweke pale, ruka uende mahali fulani. Prosesa haina akili ya kufikiri. Hutenda iliyoambiwa, basi.

Kuiga ni kufanya kama mwingine afanyavyo. Na kosa mnalijua, hakuna asiyelijua. Leo tutaona jinsi kompyuta moja inavyoweza kuiga kompyuta nyingine, jinsi kosa linavyoingia katika mwigo huo, na jinsi watu wanavyolifuata kosa mpaka kulikamata.

KWA NINI TUIGE?

Labda utauliza, kwa nini mtu ahangaike kuifanya kompyuta mpya ijifanye kompyuta ya zamani? Sikiliza habari hii.

Katika mwaka 1086, kwa agizo la mfalme wa Uingereza, nchi yake iliandikwa katika kitabu: mashamba, watu, mifugo na vinu. Kitabu hicho huitwa Domesday. Mwaka 1986, baada ya miaka 900, Shirika la Utangazaji la Uingereza, yaani BBC, pamoja na wenzake, walifanya kazi ya namna hiyo tena. Safari hii watu zaidi ya milioni moja walishiriki, wengi wao watoto wa shule. Waliandika habari za vijiji vyao, kazi zao na maisha ya kila siku. Maandishi na picha zao ziliwekwa katika sahani kubwa zilizosomwa kwa mwanga, na sahani hizo zilitumika katika kompyuta iliyoitwa BBC Master.

Miaka ikapita. Kompyuta zile zikaacha kutengenezwa, na mitambo ya kusomea sahani ikaanza kuharibika. Ilipofika mwaka 2002, kitabu cha mwaka 1086 kilikuwa bado chasomeka, lakini kazi ya mwaka 1986 ilikuwa karibu kupotea. Wala maandishi hayakufutika. Mashine ya kuyasomea ndiyo iliyokuwa ikifa.

Basi, wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walifanyaje? Mwaka huo wa 2002 walionyesha programu iliyoifanya kompyuta mpya ijifanye ile ya zamani. Maandishi ya watu yakasomeka tena. Ninyi mnaojifunza kuandika mnajua uzito wa jambo hili. Mtu akiandika jina la kijiji chake na habari za wazee wake, hataki maneno yake yafe kwa sababu mashine imekufa.

Ndiyo kazi ya programu ya kuiga. Husoma amri zilizoandikwa kwa prosesa ya zamani, na kwa kila amri hufanya vile vile ambavyo prosesa ile ingefanya. Nasema vile vile. Si karibu na vile vile. Hapo ndipo ugumu unapoanza.

KURASA NA MISTARI

Sasa tutazame mfano mmoja wa kweli. Katika mwaka 1975 kampuni ya Marekani iitwayo MOS Technology ilitoa prosesa iliyoitwa 6502. Ilikuwa rahisi kwa bei: dola 25 tu. Kwa hiyo ilitiwa katika kompyuta nyingi, kama Apple II ya mwaka 1977 na BBC Micro ya mwaka 1981.

Kumbukumbu ya prosesa hii ni kama kitabu chenye kurasa 256. Kila ukurasa una mistari 256. Hesabu huanzia sifuri, kwa hiyo mstari wa kwanza ni mstari 0, na wa mwisho ni mstari 255. Katika kila mstari imeandikwa namba moja tu. Ukitaka kumtuma mtu mahali fulani katika kitabu hiki, lazima umpe namba mbili: mstari gani, na ukurasa gani. Namba ya mstari huandikwa kwanza, na namba ya ukurasa huandikwa katika mstari unaofuata.

Prosesa hii ina amri isemayo hivi: "Nenda mahali fulani, soma hapo namba mbili, kisha ruka uende zinakokuelekeza." Ni kama kumwambia mgeni aende kwa mwenye duka, naye atamwonyesha nyumba anayoitafuta.

Msimamizi, andika ubaoni:

Ukurasa 2, mstari 255: namba 40.
Ukurasa 3, mstari 0: namba 18.
Ukurasa 2, mstari 0: namba 7.

Tuseme prosesa imeambiwa ianze kusoma katika ukurasa 2, mstari 255. Inasoma namba 40. Huo ndio mstari wa kwenda. Sasa inataka namba ya ukurasa, ambayo imo katika mstari unaofuata. Lakini mstari 255 ni wa mwisho. Wewe ukisoma kitabu na kufika mwisho wa ukurasa, wafanya nini? Wafunua. Ungefunua ukurasa 3, mstari 0, ukakuta 18. Kwa hiyo ungekwenda ukurasa 18, mstari 40.

Prosesa ya 6502 haifunui. Inarudi juu ya ukurasa ule ule. Inasoma ukurasa 2, mstari 0, inakuta 7, na inakwenda ukurasa 7, mstari 40. Imepotea njia! Hili ni kosa la waliotengeneza prosesa yenyewe, nalo lajulikana sana.

Haya, fikiri sasa. Wewe unaandika programu ya kuiga 6502. Utaandika njia ipi? Ile yenye akili, ya kufunua ukurasa, au ile yenye kosa?

Jibu ni kwamba lazima uandike ile yenye kosa. Programu ya zamani iliandikwa kwa prosesa ilivyokuwa, wala si kwa prosesa ilivyopaswa kuwa. Mwandishi wake aliijaribu kwenye mashine yake, akaona yatenda kazi, akaridhika. Huenda yategemea kosa lile bila yeye mwenyewe kujua. Ukilisahihisha kosa la mashine katika mwigo wako, umeingiza kosa katika mwigo.

Tena liko jambo jingine. Baadaye zilitoka prosesa mpya za ukoo huo huo, na ndani yake kosa hili liliondolewa. Hiyo BBC Master ya habari yetu ya kwanza ilikuwa na prosesa ya namna hiyo mpya. Kwa hiyo anayeiga BBC Micro ya mwaka 1981 lazima aweke kosa, na anayeiga BBC Master ya mwaka 1986 lazima asiliweke. Hata muda umebadilika: prosesa ya kwanza huitenda amri hii kwa mapigo 5 ya saa yake, na ile mpya kwa mapigo 6. Anayeiga hana budi kuhesabu mapigo nayo.

KULIFUATA KOSA

Sasa tuchukue mfano wa kufikirika. Iko programu ya kuiga BBC Micro. Aliyeiandika alitumia ile njia ya kufunua ukurasa, akidhani ndiyo sawa. Programu nyingi zafanya kazi vizuri ndani yake. Siku moja mtu fulani anafungua mchezo wa zamani. Mchezo unaanza, kisha skrini inaganda. Hakuna kinachosogea.

Hatua ya kwanza ni barua. Ndiyo, barua, na hapa kusoma na kuandika kwenu kunaingia kazini. Mtumiaji anawaandikia wenye programu. Akiandika "Programu yenu ni mbovu, haifanyi kazi," amemaliza hasira yake, lakini hakumsaidia mtu. Barua njema hujibu maswali matatu: Nilifanya nini? Nilitarajia nini? Nikaona nini badala yake? Kwa mfano:

"Nilifungua mchezo huu, toleo hili, katika programu yenu toleo hili. Nilibonyeza kitufe cha kuanza. Nilitarajia kuona ukurasa wa kwanza wa mchezo. Badala yake skrini iliganda baada ya sekunde tatu. Nimejaribu mara tano, na kila mara ni vile vile."

Tazameni. Barua fupi, maneno ya kawaida, hakuna matusi. Lakini anayeipokea aweza kukaa kitako na kufanya vile vile, naye alione kosa kwa macho yake. Kosa usiloweza kulirudia ni kama mwizi aliyeonekana gizani. Kosa linalorudi kila ukiliita limekwisha kukamatwa nusu.

Hatua ya pili ni kutafuta mahali lilipoanzia. Mahali mchezo ulipoganda sipo penye kosa. Msafiri akikosea njia panda asubuhi, hutambua jioni, amefika kijiji asichokijua. Kijiji hakina hatia. Njia panda ndiyo yenye habari. Lakini kumbukeni mwendo wa mashine hii. Saa ya prosesa ya BBC Micro hupiga mara 2,000,000 katika sekunde moja, na amri moja huchukua mapigo 2 hadi 7. Katika sekunde tatu zimepita amri laki nyingi. Nani atazitazama moja moja?

Hapa fundi anaiambia programu ya kuiga iandike daftari la safari: kila amri mstari mmoja, iliyofanyika ukurasa gani, mstari gani, na namba gani zilikuwa mkononi. Kisha anapata daftari la pili la safari ile ile kutoka mashine ya kweli, au kutoka mwigo mwingine unaoaminika. Anaziweka mbili hizo sambamba, na kompyuta yenyewe inazilinganisha. Mistari inafanana, inafanana, inafanana. Ghafla hapa mashine ya kweli imekwenda ukurasa 7, na mwigo umekwenda ukurasa 18. Usitazame inayofuata, yote huenda ikawa mibovu. Mstari wa kwanza unaotofautiana ndiyo njia panda yako.

Yako pia makosa ya namna nyingine: jana programu ilifanya kazi, leo haifanyi, na katikati yake watu wengi wameibadilisha. Tuseme mabadiliko ni 1,000. Moja lao ndilo lililoleta kosa. Je, utayajaribu yote?

Wanafunzi, tucheze kidogo. Mmoja wenu afikiri namba kati ya 1 na 1,000 asiitaje. Wengine waulize: "Je, ni zaidi ya 500?" Akisema hapana, namba zilizobaki ni 500 tu. "Je, ni zaidi ya 250?" Kila swali hukata nusu. Mtaona kwamba maswali 10 yatosha kuipata namba yoyote. Mafundi hufanya hivyo hivyo. Hujaribu programu ilivyokuwa katikati ya mabadiliko. Kama ni nzima, kosa liliingia baadaye. Kama ni mbovu, liliingia hapo au kabla. Majaribio 10 mahali pa 1,000. Programu moja iitwayo Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hutunza daftari la mabadiliko, na imo ndani yake amri ya kugawa nusu kwa nusu namna hii.

Hatua ya tatu ni kusahihisha. Fundi mwema hubadilisha kidogo kiasi kinachohitajika, asiguse mengine. Katika mfano wetu huenda ni mstari mmoja tu: ukifika mstari 255, rudi mstari 0 wa ukurasa ule ule. Kisha huandika kwa maneno sababu ya badiliko lake. Asipoandika, kesho atakuja mwingine mwenye bidii, ataona mstari ule wa ajabu, atasema, "Hapa pamekosewa," naye atalirudisha kosa.

Hatua ya nne husahauliwa na wengi. Fundi huandika jaribio dogo linalouliza swali lile lile: ukianza ukurasa 2, mstari 255, wafika wapi? Jaribio hilo hubaki katika programu na kufanywa kila mara panapobadilishwa kitu. Likijibu 7, sawa. Likijibu 18, kosa limerudi, na kengele inalia kabla programu haijamfikia mtumiaji.

PENYE WENGI

Programu nyingi za kuiga ni programu huria. Maana yake, maandishi yake hayafichwi. Kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyanakili na kuyasahihisha. Moja maarufu ni QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Huiga prosesa za namna nyingi, na vipande vingine vya kompyuta pia.

Wahenga walisema, penye wengi hapaharibiki neno. Ni kweli, lakini kwa sharti moja: hao wengi wawe wanatazama. Sikilizeni.

Siku hizi kampuni huweza kuwa na kompyuta moja kubwa, na ndani yake zikaigwa kompyuta nyingi. Kila moja hukodishwa kwa mteja wake, kama vyumba katika nyumba moja. Mpangaji haruhusiwi kuingia chumba cha jirani. Programu kama QEMU ndizo zinazojenga kuta hizo.

Mwaka 2004 ndani ya QEMU iliingia sehemu iliyoiga mtambo wa kusomea flopi, zile sahani ndogo za zamani za kuhifadhia maandishi. Sehemu hiyo ilikuwa na kisanduku cha kupokea amri na namba, chenye nafasi 512. Baada ya kila amri, hesabu ya nafasi ilitakiwa irudi mwanzo. Kwa amri mbili haikurudi kama ilivyotakiwa. Mtu mwerevu mwenye nia mbaya aliweza kuendelea kumwaga namba mpaka zikafurika nje ya kisanduku, zikaingia mahali pasipo pake. Kwa njia hiyo mpangaji angeweza kutoboa ukuta na kutoka katika chumba chake.

Kosa hilo lilikaa miaka 11. Lilitangazwa mwezi wa Mei mwaka 2015 na Jason Geffner wa kampuni ya usalama ya CrowdStrike, likapewa jina la VENOM. Maandishi yalikuwa wazi miaka yote hiyo, lakini nani alikwenda kutazama kona ya flopi, kitu kisichotumiwa tena? Hata hivyo sehemu ile ilikuwamo, hata kwa wateja wasiohitaji flopi kamwe. Sahihisho lilikuwa dogo: kuhakikisha kwamba hesabu ya nafasi haivuki mpaka wa kisanduku asilani. Kwa kuwa maandishi yalikuwa wazi, yeyote aliyetaka aliweza kulisoma sahihisho hilo na kuona kwa macho yake kwamba ufa umezibwa. Na usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi, programu huria haitoi ahadi kwamba hakuna kosa. Inatoa ruhusa ya kutazama. Ruhusa isiyotumiwa haimlindi mtu. Ni kama daftari la fedha za chama cha ushirika lililowekwa mezani. Kila mwanachama anaruhusiwa kulifungua, lakini wasipojua kusoma, au wakiona uvivu, mwizi hana wasiwasi.

MAZUNGUMZO NA ZOEZI

Kabla hatujaagana, jadilianeni maswali haya:

1. Kwa nini mwigo mzuri wa prosesa ya 6502 lazima uwe na kosa lake pia?
2. Mambo 64 yamepangwa kwa safu, na moja ndilo lililoleta kosa. Ukigawa nusu kwa nusu, utafanya majaribio mangapi?
3. Tofauti ya kuruhusiwa kusoma na kusoma ni nini?

Zoezi la kuandika: fikiri kitu chochote kilichoharibika karibu nawe, kama pampu ya kijiji, taa, au mlango wa darasa. Mwandikie fundi barua ya sentensi nne tu. Ulifanya nini, ulitarajia nini, uliona nini, na je, jambo hilo hurudi kila mara? Kisha mpe mwenzako aisome. Kama anaweza kwenda mwenyewe na kuliona kosa bila kukuuliza neno, barua yako ni njema.

Jibu la swali la pili ni majaribio 6. Ukipata jingine, gawa tena polepole: 32, 16, 8, 4, 2, 1.

Kwaherini wasikilizaji, mpaka somo lijalo.